Vidole Saba vya Madamu Nabintu

Darasa letu la sita lilinuka turubai lililochomwa na jua. Kuta zilikuwa za miti na udongo, lakini paa lilikuwa turubai jeupe lililokwisha kugeuka kijivu, na kila ilipofika saa nne asubuhi harufu yake ilitushukia vichwani, nzito, ya kuchefua. Ilichanganyika na uji wa mahindi uliokuwa ukitokota nyuma ya ofisi ya hedimasta, na jasho la watoto waliobanana wanne wanne kwenye dawati la wawili, na vumbi jekundu la Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi, ambalo kiangazi kile lilikuwa limeingia kila mahali: kwenye daftari, kwenye nywele, kwenye maharage. Katikati ya harufu hizo, siku moja ya muhula wa pili, ikaja harufu nyingine tusiyoijua. Ilitoka kwenye mkoba mweusi ambao Madamu Nabintu aliuweka mezani taratibu kama anayemlaza mtoto mchanga. Alipofungua zipu, sote tulinyoosha shingo. Kulinuka plastiki mpya, gundi, na kitu kama chuma kilichopashwa moto. Ilikuwa kompyuta ndogo ya kubeba, ya kwanza kuingia katika shule yetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Madamu Nabintu alikuwa Mkongomani kama sisi, wa Kivu ya Kusini, kutoka milima ile ile ambayo mama yangu aliitaja kila alipokuwa akipepeta maharage. Kule alikuwa amefundisha kwa Kifaransa. Hapa Uganda alilazimika kujifunza Kiingereza ukubwani, akisoma vitabu vya darasa la tatu ili aweze kutufundisha sisi wa darasa la sita. Jumapili aliongoza kwaya kanisani kwetu, na hata wazee waliosinzia wakati wa mahubiri waliamka kwaya ile ilipoanza. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Vile vitatu vingine vilikatwa kwa panga siku kijiji chao kilipovamiwa, alipoinua mkono kuukinga uso. Hakutusimulia yeye. Ni mama aliyenisimulia, mara moja, kwa sauti ya chini, kisha akanikataza kurudia habari hizo. Hujafa hujaumbika, alisema mama. Nilimsikia vizuri, nami nataka msomaji ajue tangu sasa kwamba nilimwelewa pia.

Shirika moja lilikuwa limekuja shuleni likitafuta walimu wanawake wa kufundishwa kompyuta. Wazo lao lilikuwa rahisi, na mpaka leo naliona kuwa zuri: msichana akimwona mwanamke anayemfahamu, aliyevaa kitenge kama mama yake, akiiamrisha mashine nayo ikatii, ataacha kuamini kwamba mashine ni mali ya wanaume. Shuleni kwetu walimu wanawake walikuwa wawili, na mmoja alikuwa karibu kujifungua. Akaenda Madamu Nabintu. Kila Jumamosi alidandia lori la mahindi kwenda Mbarara kwenye mafunzo, akarudi jioni akiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope, na kila Jumatatu baada ya masomo alitufundisha sisi wasichana kile alichofundishwa juzi yake. Mashine ilikuwa moja, nasi tulikuwa thelathini na kitu. Kwa hiyo alikata maboksi ya sabuni, akachora juu yake vitufe vyote kwa kalamu ya wino, herufi kwa herufi, akampa kila msichana boksi lake. Tuliketi tukigonga maboksi huku yeye akitembea katikati yetu. "Usiangalie chini," alisema. "Angalia mimi. Vidole biko na akili yao, biache bitembee."

Siku ya kwanza aliandika majina yetu, mmoja baada ya mwingine, na kila msichana akaitwa mbele kulitazama lake. Langu lilipotokea, Zawadi, jeusi juu ya weupe ule uliong'aa, nilisimama nikasahau kuondoka. Jina langu nilikuwa nimeliona kwenye kadi ya posho na kwenye daftari tu, limeandikwa ovyo na watu wenye haraka. "Njo weye ule," Madamu aliniambia, akiligusa jina langu. "Kuanzia leo mashine inakujua." Jioni ile sikula. Nililala na boksi langu la sabuni kando ya kichwa, na asubuhi vidole vyangu vilikuwa vikigonga ubavu wa mdogo wangu hata kabla sijafungua macho. Baada ya wiki chache nilikuwa wa kwanza katika kundi zima. Baada ya wiki chache zaidi nilikuwa namsahihisha Madamu mwenyewe, naye alifurahi, akawaambia wenzangu wanipigie makofi.

Lakini sikuwa na rafiki. Kichwa changu kilikuwa kimeshikwa na mapunye, mama alikuwa amekinyoa na kukipaka dawa ya zambarau, na Aline, binti wa mwenye duka, alikuwa amenipa jina: Ramani. Waliniuliza Kongo iko upande gani wa kichwa, na Uganda iko upande gani. Nilivumilia wiki nyingi. Kisha mchana mmoja, tukimsubiri Madamu, Aline akaanza tena, nami bila kufikiri nikakunja vidole vitatu vya mkono wa kulia, nikainamisha shingo kama alivyoinamisha Madamu, nikaanza kugonga boksi kwa gumba na shahada, nikiruka huku na huku kama kuku anayedonoa mtama. Nilitoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo, kama alivyofanya akitafuta herufi. Halafu Aline akacheka, na baada yake darasa zima. "Vidole Saba!" nikatangaza kwa sauti ya mwalimu. "Tazameni Vidole Saba!" Tangu siku ile hakuna aliyeniita Ramani tena. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu; nilikuwa nimeung'oa kwangu nikauchomeka kwa mwingine, na sikuhisi chochote ila raha.

Jina lile lilienea upesi. Kabla ya mwezi kwisha, watoto wadogo wasiosoma hata shuleni kwetu walikuwa wakilipigia kelele kisimani alipopita na dumu lake. Vijana waliosimama dukani walimsalimia kwa kuinua vidole viwili. Siku moja hata kanisani, alipoinua mkono kuanzisha wimbo, kicheko kilitoka kwenye safu ya nyuma ya watoto, na safu ile nilikuwamo. Madamu Nabintu aliushusha mkono ule, akainua wa kushoto, akaongoza wimbo kwa huo. Tangu hapo, mkono wa kulia aliufunika kwa pembe ya kitenge hata jua lilipokuwa kali. Alijua ni nani aliyeanzisha. Katika makazi ya wakimbizi hakuna siri inayomaliza siku mbili. Hakunipiga, hakuniadhibu, hakuacha kuniita mbele nilipofanya vizuri. Wakati ule niliuchukua upole wake kuwa woga.

Likizo ya Agosti ilipokaribia, shirika likamtaka kila mwalimu alete wasichana watatu Mbarara kwa wiki ya mwisho ya mafunzo. Ijumaa ya wiki hiyo wageni wangekuja, walimu wangefanya mtihani mbele yao, na shule ambayo mwalimu wake angefaulu ingeongezewa mashine kumi. Madamu alikuja kwetu kwa miguu kuniombea ruhusa. Mama alimkalisha kwenye kiti chetu kimoja, yeye akaketi kwenye jiwe la mlangoni.

"Madamu, huyu mutoto wangu iko na mudomo mubaya," mama alisema, macho yake chini. "Nimesikia mambo. Nasikia haya mingi."

"Iko na mudomo, iko na kichwa pia, Mama Zawadi," Madamu akajibu. "Mudomo itatulia. Kichwa kama hii haiokotwe kila fasi."

Nilikuwa nyuma ya ukuta nikisikiliza. Nilichokisikia ni sifa tu.

Gari la shirika lilituchukua Jumapili mchana pamoja na Madamu: mimi, Aline, na msichana wa tatu aliyekuwa mdogo wetu na ambaye alitapika njia nzima. Tulipita Masha, tukawaona ng'ombe wa pembe ndefu wakiwa wamesimama katika majani makavu, na mashamba ya ndizi yaliyopanda vilima mpaka juu. Sikuwa nimewahi kuuona mji. Mbarara ilinishangaza kwa lami yake na kwa watu waliovaa viatu vilivyofungwa hata siku za kazi. Ukumbi wa mafunzo haukuwa mbali na kambi ya jeshi. Kila asubuhi tulisikia tarumbeta, kisha nyayo za askari wakikimbia mchakamchaka na kuimba. Mkufunzi mkuu alikuwa Madamu Kobusingye, Mnyankole mnene mwenye sauti ya gwaride, mke wa sajenti. Alikuwa amezaliwa kambini na kuolewa kambini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha askari, kisichopoteza muda na ngeli.

Asubuhi ya kwanza aliwapanga walimu kwenye mashine, akapita nyuma yao akitazama mikono. Alipofika kwa Madamu Nabintu alisimama. Jumamosi zote zilizopita walimu walikuwa wakifundishwa na vijana wake, yeye mwenyewe alikuwa hajamwona.

"Wewe mwalimu ya Nakivale, vidole kumi iko wapi?"

"Niko nabyo saba, Madamu."

"Saba." Aliligeukia darasa, akitufanya sisi wasichana kuwa mashahidi. "Mtihani ni vidole kumi. Hii kompyuta hapana jua huruma, hapana jua mkimbizi. Kwani huko kwenu walikosa mtu mzima?"

Watu waliinamisha vichwa. Madamu Nabintu alisema atajaribu. Na alijaribu kwelikweli. Alikuwa amejitungia njia yake mwenyewe: mkono wa kushoto ulifanya kazi ya upande wake na nusu ya upande wa pili, na shahada ya kulia ilikimbia kufuata herufi zilizobaki. Wenzake walipokwenda kula mchana, yeye alibaki ukumbini akigonga. Siku ya Jumatano, walipopimwa kasi kwa majaribio, ni walimu wawili tu waliomshinda. Madamu Kobusingye aliitazama karatasi yake, akaiweka chini ya nyingine zote. "Kasi ni nzuri," alisema, "lakini njia ni mbovu. Mimi napima mtu kwa njia." Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema, na siku ile niliona kwamba hata saba havitoshi kama anayekutazama ameamua kuhesabu vinavyokosekana.

Mimi alinipenda. Aliniita mtoto wa moto. Jioni ya Jumatano ile alinichukua kwake kambini, nyumba ndogo ya mabati yenye maua ndani ya makopo mlangoni, akanipa chai ya maziwa na chapati iliyokunjiwa mayai. Binti zake walikuwa na simu ya kugusa, wakaniachia nicheze nayo. Aline alikuwa amekwisha kuwasimulia habari za mchezo wangu, nao wakanibembeleza niufanye. Nikaufanya, hapo sebuleni, juu ya meza ya chai. Madamu Kobusingye alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Banange! Fanya tena." Nikafanya tena. Alipomaliza kucheka alinitazama kwa muda mrefu, si kwa ubaya, kama mtu anayepima kitambaa. "Sikia, Zawadi. Iko shule moja ya wasichana hapa mjini, ya bweni. Imepatia sisi nafasi moja. Moja tu, na jina naandika mimi. Ijumaa wageni wanakuja, watachoka na hotuba. Wewe fanya hii mbele yao. Mwalimu ya zamani hivi, halafu mtoto ya leo hivi, unaandika haraka-haraka. Mgeni akicheka, mtoto hapana sahau."

Ningeweza kusema kwamba nilitishwa, au kwamba sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, lakini nilijua. Niliomba chapati nyingine, akanipa.

Asubuhi ya Ijumaa nilihitaji kitenge cha kuvaa ili nionekane mtu mzima, na mtu pekee niliyeweza kumwomba alikuwa Madamu Nabintu. Alikuwa na viwili tu alivyokuja navyo. Akanipa kile kizuri cha bluu alichokuwa amepanga kukivaa mwenyewe mbele ya wageni, akavaa kile kilichopauka. Alipiga magoti akanifunga kiunoni, akakunja pindo lililokuwa refu, akakaza fundo kwa mkono wa kushoto na meno.

"Unaenda kucheza nini?"

"Mwalimu," nilisema.

Aliinua uso akatabasamu. Alikuwa na meno yaliyoachana kidogo mbele, na nafikiri sikuwahi kumwona akitabasamu hivyo hata kwenye kwaya. "Muzuri," alisema. "Simama wima basi. Mwalimu haipinde mugongo."

Ukumbi ulijaa. Wageni waliketi mbele, walimu safu ya pili, wasichana nyuma. Baada ya hotuba Madamu Kobusingye akanitangaza. Niliketi kwenye mashine ambayo picha yake ilirushwa kwenye ukuta mweupe, ili kila nilichoandika kionekane na wote. Nikafunika mkono wa kulia kwa pembe ya kitenge. Nikaufunua polepole. Nikakunja vidole vitatu, nikautoa ulimi pembeni ya mdomo, nikaanza kudonoa. Ukutani zilitokea herufi za ovyo. Nikajipiga kofi usoni, nikaomba radhi kwa Kifaransa kibovu, nikadonoa tena. Wageni hawakumjua Madamu Nabintu. Waliona mtoto mcheshi akiigiza mwanamke mshamba, wakacheka kwa moyo safi, mmoja wao akapiga goti lake kwa kiganja. Nyuma, wasichana wa Nakivale walikuwa wakipiga vifijo. Nilipotupa kitenge pembeni na kuandika sentensi tatu kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini, walisimama kunishangilia. Ndipo nikatazama safu ya pili. Madamu Nabintu alikuwa akipiga makofi pamoja na wengine. Alipiga kwa mikono yote miwili, wazi, mbele ya kifua chake, na hakuwa akimtazama mtu yeyote.

Mtihani ulifuata papo hapo, na Madamu Kobusingye akamwita yeye wa kwanza. Alipoketi na kuweka mikono juu ya kibodi, mtu mmoja kati ya wageni alianza kucheka, akidhani mchezo unaendelea. Kisha akauona mkono. Kicheko kile kilikatika vibaya. Ukutani tuliona herufi zake zikitokea. Aliandika maneno manne sawasawa. La tano alilikosea, akalifuta, akalikosea tena. Kisha akainuka, akarudisha kiti mahali pake vizuri, akasema kwa Kiingereza, "Samahani, nimemaliza," na kwenda kuketi. Alasiri walimu wote walipokea vyeti ila yeye. Mimi nilipokea bahasha yenye barua ya shule ile ya bweni.

Tulirudi Jumamosi. Aline na yule mdogo walilala. Tulipofika karibu na Masha, Madamu alitoa chupa ya maji, akampa kila mmoja wetu anywe, nami akanipa. Nilipomrudishia chupa aliishika kidogo bila kuifunga.

"Uliigiza muzuri," alisema, polepole, kama alivyosahihisha daftari. "Kosa ni moja. Hiki cha katikati hakikuisha chote, kiko na kipande. Weye ulikunja yote." Akanionyesha. Kisha akafunga chupa, akaangalia nje.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, husema wahenga, lakini aliyejikwaa hakuwa yule aliyeanguka. Wiki mbili baadaye gari lilikuja kuichukua hata ile mashine moja, kwa kuwa shule haikuwa na mwalimu mwenye cheti. Wasichana wenzangu walilia, kisha wakatafuta wa kumlaumu, na hawakunilaumu mimi. Walimlaumu yeye. Walisema mkono wake umetunyima kompyuta kumi, na kuna aliyempelekea boksi lake la sabuni akalitupa miguuni pake. Nilikuwapo. Ningeweza kusema neno. Muhula uliofuata mkataba wake haukuendelezwa, naye akaenda kulima mahindi upande wa ziwani. Mama alipopata habari zote hakunipiga. Alinifungia nguo zangu tatu ndani ya mfuko, akanisindikiza mpaka kwenye gari la Mbarara. "Unaenda kusoma juu ya mugongo ya mutu," aliniambia. "Soma basi. Usimuangushe bule." Ndivyo nilivyosoma. Aline aliacha shule mwaka uliofuata, akaolewa kabla hajatimiza miaka kumi na saba, na tunapokutana sokoni Rugaaga hucheka bado akikumbuka Ijumaa ile. Husema nilikuwa na kipaji.

Leo kazi yangu ni ile ile ya Madamu Kobusingye. Nawafundisha walimu wanawake kompyuta Mbarara, kwa shirika lingine, na yeye, aliyestaafu sasa, alikuja kwenye mahafali yangu na zawadi ya sufuria. Amekuwa mwema kwangu miaka yote, na hilo nalo sijui nilifanyie nini. Nilipopata ajira niliomba kwa shirika lile la kwanza kuona karatasi za zamani za mafunzo yale. Nilisoma masharti ya mtihani mara tatu. Mwalimu alitakiwa kuandika ukurasa mmoja bila makosa mengi ndani ya muda uliopangwa. Vidole havikutajwa popote. Nilimuuliza Madamu Kobusingye. Alifikiri, akasema, "Mimi walinifundisha hivyo, kwa rula, hapa kwenye kucha. Nilijua ndiyo sheria."

Mwaka jana nilimfuata Madamu Nabintu shambani kwake. Alikuwa akipalilia na binti yake wa mwisho, mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye meno ya mama yake. Hakunikalisha. Nilisema yote niliyokuwa nimejiandalia kwa miaka, mbele ya yule mtoto, nikiwa nimesimama katikati ya mistari ya mahindi. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Ile nilikusamehea siku ya kurudi, mu gari," alisema. "Usiibebe tena."

Nililia, na kwa kuwa nililia nilijipa ujasiri. Nikamwambia kwamba shule yetu ya zamani sasa ina chumba cha matofali na mashine ishirini, na umeme wa jua, na kwamba Jumamosi nafundisha wasichana mwenyewe. Nikamwomba anipe binti yake. Nikasema nitamfundisha kama mdogo wangu.

"Mutoto hapana," alisema Madamu Nabintu. Hakuwa na hasira. "Kusamehe, nilisamehe. Lakini mutoto sikupe."

Nimetuma watu mara tatu tangu siku ile: mchungaji, mama yangu, na hedimasta mpya. Jibu ni lile lile. Kwa vipimo vyote tunavyoandika kwenye ripoti, mambo yamekuwa bora kuliko utotoni mwangu. Hakuna anayegonga boksi. Wasichana wa miaka kumi wanajua mambo ambayo sisi tuliyaota tu, walimu wao hawapandi malori ya mahindi, na darasani kwangu hakuna mwenye ruhusa ya kumcheka mtu. Nimefukuza wawili kwa hilo, na mmoja wao hakurudi shule kabisa. Majuto ni mjukuu, na wangu sasa ana miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi, wakati wa somo, binti yule wa Madamu hupita nje ya dirisha, akitoka upande wa ziwani kwenda kisimani na dumu lake. Chumba huwa na kelele za vitufe na vicheko vya furaha, na watoto wote wanaopita husimama kuchungulia. Yeye hutazama mbele, akapita.